Tello Bracamontes na Diski ya Otilia

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, Eleuterio Bracamontes alichukua fremu ya kwanza iliyokuwa mezani kwake, hata kama ni ile aliyoimaliza jana, akaiweka juu ya taya la plasta na kuikaza kwa skrubu moja tu, ile ya mwisho upande wa kushoto. Skrubu tatu zilizobaki aliziacha kwenye kisahani. Kisha alivua miwani, akainama mpaka shavu likagusa meza, akafumba jicho moja na kuchungulia upande wa pili, usiokazwa. Alikuwa akitafuta mwanga. Fremu iliyo sawa hulala palepale hata ikishikwa upande mmoja. Iliyopinda huinuka kiasi cha unywele, na mwanga hupenya chini yake. Ukiikaza skrubu zote nne kwa nguvu italala kwa kulazimishwa, mgonjwa atacheka mbele ya kioo, atarudi kwao, na siku moja kitu kitakatika: skrubu, au fremu, au mfupa wake mwenyewe.

“Giza,” alisema Tello akiinuka. Hapo ndipo karakana nzima iliporuhusiwa kuanza kelele.

Otilia Lizárraga alilisikia neno hilo kwa miaka ishirini na minne. Meza yake ilitazamana na ya Tello, na kazi yake ilianza pale ya mwenzake ilipoishia. Tello alichonga fremu, ule ukanda wa metali unaofungwa kwenye vipandikizi vinne, vijiti vya metali vilivyopandwa kwenye mfupa, ndani ya taya la mtu asiye na jino hata moja. Otilia aliuvika ukanda huo sura: fizi za plastiki za rangi ya waridi, kisha meno kumi na mawili, moja moja, kwa nta, akiyapinda kidogo hapa na pale ili yasifanane na ya kwenye tangazo. Hakuwahi kuinama kuchungulia mwanga. Akisikia “giza,” aliwasha moto wa nta.

Ulikuwa mji wa mpakani wenye madaktari wa meno wengi kuliko mbwa. Kuanzia Novemba wazee wa kaskazini, waliokimbia theluji ya kwao, walivuka lango kwa miguu na mikongojo, na wapiga debe waliwadaka hatua kumi tu kutoka forodhani: “Jino, bibi? Jino, mzee? Taya zima siku tatu!” Babu zao Otilia na Tello walilima pamba hapahapa. Babake Tello alikuwa fundi wa mashine ya kuchambua pamba, na mwanawe alipokataa vumbi lile alikwenda mji jirani wa Mexicali kwa sonara, akajifunza kuyeyusha dhahabu na kumimina pete. Siku moja daktari alileta jino la dhahabu lililovunjika, sonara akalikataa, Tello akalitengeneza. Hakurudi tena kwenye pete.

“Pete na jino ni kazi moja,” alipenda kusema. “Ila jino halina talaka.”

Alikuwa mtu wa kutengenezea watu vitu. Miwani ya Chayo wa mapokezi ilikuwa na skrubu za meno kwenye bawaba zote mbili. Otilia alipojifungua mtoto wa tatu, Tello ndiye aliyesimama kanisani kuwa baba wa ubatizo, na tangu siku hiyo yeye akawa kompadre na Otilia akawa komadre, na hakuna aliyekumbuka tena kuitana majina.

Mtoto huyo wa tatu ndiye aliyeondoka na fizi za Otilia. Meno yalianza kulegea akiwa bado ananyonyesha, na alipofikisha miaka arobaini na minne Daktari Rentería, mwenye kliniki, alimng'oa la mwisho. Mtu aliyepanga meno ya wengine kutwa nzima akawa hana lake. Seti ya juu ilikaa vizuri. Ya chini ilielea. Alikula akiwa ameweka mkono kidevuni kama mtu anayefikiri jambo zito, na Chayo akawa anamuuliza, “Leo unatafakari nini, Mama Otilia? Maharage?”

Hapo karakana ilikuwa na desturi yake. Agosti, jua likifika nyuzi arobaini na nane, wazee wa kaskazini huwa hawapo na mji hulala, na mafundi huutumia mwezi huo kutengenezana meno wao kwa wao, na ya mama zao na wake zao. Mwiko ulikuwa mmoja: fundi hagusi meno yake mwenyewe, wala hayaoni mpaka yawe mdomoni. Anayejitengenezea hujionea huruma, hupunguza pale panapombana leo na kuharibu pale patakapohitajika kesho. Kwa hiyo hukabidhi kila kitu kwa mwenzake, halafu hufumba macho.

Otilia alipotimiza miaka ishirini kazini, Daktari Rentería aliagiza chakula cha Wachina kutoka Mexicali, wote wakala kwenye meza za kazi, kisha akatoa kiboksi cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na diski ya titani, pana kama kisahani cha chai, nene kama kidole. Fremu ya taya zima hula karibu diski nzima. Daktari alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya boksi: OTILIA.

“Hii asichongewe mtu mwingine,” alisema. “Vipandikizi nitakuwekea mimi. Fremu atachonga Tello.”

“Nitamchongea mpaka atafune bisibisi zangu,” Tello alisema, na watu wakapiga makofi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa Machi. Vipandikizi vikashika mfupa, na mwisho wa Agosti Tello alimkalisha kitini, akamfumbisha macho, na kuyafunga meno mapya kwa mkono wake mwenyewe, daktari akisimamia. Otilia alifunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena.

“Mazito, kompadre.”

“Umezoea mdomo mtupu, komadre. Kwako hata mate yatakuwa mazito.”

Wote walicheka, naye akacheka, na jioni hiyo alikula nyama ya kuchoma nyumbani kwake mbele ya mumewe na watoto, mikono yote miwili juu ya meza.

Kwa miaka minne meno hayo yalikuwa mali ya kliniki nzima. Mgonjwa akiogopa, Chayo alifungua mlango wa karakana na kuita, “Mama Otilia, njoo ucheke!” Otilia alifuta mikono, akaenda, akainama mbele ya mzee au bibi wa watu na kufungua mdomo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini sentensi hizi alizijua vizuri: haya ni yangu, ndani ni titani, aliyechonga ni yule pale. Wengine waliuliza kama titani ni bora kuliko zile fremu nyeupe za kauri, au kuliko kromu-kobalti. Otilia aliwajibu kwa haki. Ya kauri ni nzuri ila haisamehi ikianguka. Kromu-kobalti si metali ya aibu, ikimiminwa ikiwa mpya na fundi makini itamzika mwenyewe. Ni nzito tu. Lakini titani ni nyepesi na mfupa unaipenda. Halafu aligonga meno yake kwa ukucha ili wasikie.

Na kila Agosti Tello mwenyewe alisisitiza kuyafungua na kuyasafisha. “Usimsumbue daktari,” alisema. “Lala hapo, fumba macho.” Aliyapeleka mezani kwake, akampa mgongo kwa nusu saa, akarudi yakiwa yanang'aa. Otilia aliwaambia watu kwamba hata nduguye wa tumbo moja asingemfanyia hivyo.

Ndiyo maana Tello alipomwambia mwezi wa Septemba kwamba amechoka kuchonga kwa jina la mtu mwingine, kwamba amepata chumba cha kukodi Mexicali nyuma ya soko, na wafungue karakana yao wenyewe baada ya Krismasi, Otilia hakuomba hata usiku mmoja wa kufikiri. Alimwambia mumewe baada ya kukubali. Tello alimpa ufunguo wa pili wa kile chumba, naye akaufunga shingoni kwenye kamba moja na medali ya Bikira. Ilibaki kumwambia Daktari Rentería, na walikubaliana watamwambia Ijumaa.

Jumanne ya wiki hiyohiyo, saa sita mchana, fremu ilikatika.

Hakuwa anatafuna mfupa wala karanga. Alikuwa anakula tortila, chapati laini ya ngano yenye maharage, amesimama karibu na sinki, anamsikiliza Chayo akimsimulia juu ya mpiga debe aliyemvuta kasisi akidhani ni mgonjwa. Alisikia mlio mdogo ndani ya kichwa, kama kijiti kinachovunjwa chumba cha pili. Upande wa kulia wa meno ya chini ukashuka.

“Nini?” Chayo aliuliza. “Umemeza ulimi?”

Otilia alifunika mdomo. Tello alikuwa ameenda Mexicali kupima milango ya kile chumba, angerudi saa tisa. Kwa hiyo aliyefungua skrubu safari hii alikuwa daktari, na kwa mara ya kwanza mwiko ukavunjwa bila mtu kuukumbuka: daktari aliweka vipande viwili kwenye kitambaa cha karatasi, akamkabidhi mwenye mdomo, akasema, “Ni skrubu iliyolegea, au nini? Mwonyeshe Tello akirudi,” akakimbilia mgonjwa mwingine.

Otilia alivipeleka chini ya taa yake. Aliona kabla hajavaa miwani ya kukuzia. Titani iliyokatika ina rangi ya kijivu iliyofifia, kama wingu. Hii ilimetameta. Aliweka vipande vyote viwili kiganjani, akachukua kwenye rafu fremu ya titani ya mgonjwa wa keshokutwa, iliyokwisha kuvikwa meno, akaiweka kiganja cha pili. Mkono wenye vipande ulishuka: kromu-kobalti. Miaka minne mdomo wake ulikuwa unamwambia jambo hilo, naye alikuwa anaujibu kwa mzaha wa Tello.

Kisha akavaa miwani ya kukuzia. Kromu-kobalti peke yake asingeilia. Lakini pale ilipokatika palikuwa na vitundu, vitundu vingi vya mviringo, kama mkate uliochacha. Kila fundi anajua vitundu hivyo vinatoka wapi. Ukimaliza kumimina, hubaki kidonge cha metali chini ya chungu. Kidonge hicho hutupwa. Fundi asiyetaka kuomba metali mpya hukusanya vidonge vya zamani kwenye kopo, akaviyeyusha tena, na metali hutoka imejaa hewa, nzuri kwa macho, mbovu kwa ndani. Tello ndiye aliyekuwa akiwafokea vijana wote waliopita pale kwa kosa hilo. “Hiyo ni takataka,” aliwaambia. “Utamwekea mamako mdomoni?”

Otilia alivikunja vipande kwenye kitambaa. Halafu alimwita Chayo, mkono ukiwa bado mdomoni.

“Ile Agosti yangu. Nani mwingine alikuwa na fremu?”

“Agosti ile? Hakuna mtu, Mama. Isipokuwa yule mkulima wa ngano wa Manitoba, Bwana Thorvaldson. Si unamkumbuka? Alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, akataka meno ya kuchekea kwenye picha.” Chayo alianza kucheka. “Ile ya kwanza ilimchezea mdomoni kama kiti kibovu! Nilikuwepo. Kompadre wako alibadilika rangi. Akasema ni vumbi, akaondoka nayo. Kesho yake mapema akaleta ikakaa sawasawa. Mwamba yule. Ungedhani alilala nayo.”

“Daktari alijua?”

“Daktari alikuwa anakata tiketi ya likizo. Kwani vipi? Mbona umekuwa hivyo?”

“Meno yanauma.”

“Huna meno, Mama Otilia,” Chayo alisema kwa upole, na akaondoka.

Saa tisa Tello aliingia na mfuko wa tende kutoka ng'ambo, akarushia kila meza tende mbili kama kawaida yake. Aliwasha mashine ya kuchonga, maji yakaanza kutiririka juu ya metali. Otilia alisubiri wale wengine watoke kwenda kununua kahawa. Kisha alivuka nafasi iliyokuwa kati ya meza mbili, hatua nne, akaweka kitambaa mbele yake.

“Zima hiyo mashine, kompadre.”

“Dakika mbili, komadre. Inamalizia.”

“Zima.”

Alizima. Alitazama kitambaa wala hakukifungua.

“Imekatika,” alisema. “Ulikula nini?”

“Tortila.”

“Ya mahindi?”

“Ya ngano. Laini. Usiniulize kama mgonjwa.” Bila meno ya chini maneno yake yalitoka na hewa, na aliona aibu, kisha akaona hasira kwa kuona aibu. “Umeninyang'anya diski yangu ukampa yule mzee wa ngano. Mimi ukanimiminia takataka ya kwenye kopo.”

Tello alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akairudisha. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

“Sikukata kipimo cha yule mzee,” alisema mwisho.

Otilia alielewa mara moja. Kabla ya kuchonga, daktari huunganisha vipandikizi vinne kwa kijiti cha plastiki ndani ya mdomo, ili kujua vimekaaje hasa. Plastiki hunywea ikikauka. Kwa hiyo hukatwa katikati, ikangojewa, ikaunganishwa upya. Ni kazi ya siku moja, na bila hiyo taya la plasta linadanganya: fremu inalala juu yake bila hata chembe ya mwanga, lakini mdomoni inacheza.

“Alikuwa na harusi,” Tello aliendelea. “Nikasema joto hili, plastiki imeshakauka zamani. Juu ya plasta ilikuwa giza, komadre, giza tupu. Halafu mdomoni ikainuka hivi.” Alionyesha kwa vidole viwili. “Miaka ishirini nimewaimbia watu wimbo ule kila asubuhi. Nikaona nitaenda kumwambia nini daktari.”

“Ukaona uniambie mimi mzaha wa mate.”

“Nilikuwa nikutengenezee nyingine Agosti inayofuata. Naapa.”

“Zimepita Agosti nne.”

“Kila nikiifungua naiangalia. Ilikuwa inashikilia.”

“Kumbe ndicho ulichokuwa unafanya,” Otilia alisema. “Mimi nilidhani unaning'arishia. Nimekaa kwenye kile kiti nimefumba macho, namshukuru Mungu kwa kunipa kompadre, na wewe umenipa mgongo unatafuta ufa.”

Tello alikisogeza kitambaa kando kidogo.

“Leo asubuhi nimemfungulia mdomo bibi wa Nebraska. Analia, anaogopa. Nimemwambia titani. Nikamgongea kwa ukucha. Ameshalazwa, wanamkata sasa hivi hapo chumba cha pili. Ni wa mia ngapi huyo, unajua? Unajua nimewadanganya wangapi kwa mdomo huu?”

“Wewe hukudanganya. Hukujua.”

“Ndiyo. Na ulisimama hapo ukinisikiliza nikisema titani.”

Kutoka mapokezi walisikia Chayo akimwelekeza mtu choo kilipo kwa sauti kubwa, kama wanavyoongeleshwa wazee. Otilia alitoa kamba shingoni. Fundo lilikuwa gumu, na kwa kuwa hakuwa na meno ya chini ya kulifungulia alitumia kibanio cha kupangia meno, polepole, mpaka ufunguo ukatoka na medali ikabaki. Aliuweka ufunguo juu ya kitambaa, pamoja na vile vipande viwili.

“Komadre, usifanye hivyo. Hebu nipe wiki moja. Nitanunua diski mimi mwenyewe, nitachonga mbele ya macho yako, hata ukitaka ushike kamera...”

“Sitaki unichongee. Daktari atamtafuta fundi mwingine, nami nitamwambia kwa nini. Na nitamwambia leo, si Ijumaa.” Aliona mikono ya Tello imetulia juu ya meza, mikono ileile iliyomshika mwanawe juu ya maji ya ubatizo. “Nitakuuliza moja tu, kisha narudi kwenye meza yangu. Kabatini siku ile mlikuwa na diski nyingine. Mlikuwa na tatu, mimi ndiye niliyezipanga. Kwa nini ulichukua ya kwangu?”

Tello alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

“Zile tatu daktari angeziulizia,” alisema. “Ya kwako angeiulizia mtu mmoja tu, wewe, na wewe hujawahi kuikagua kazi yangu.”